Historia ya Kufunga Mguu Uliovimba

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya kitambaa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mshipa, kilango, bendeji.

Hapa Mapinga, kama pwani yote hadi Bagamoyo, si ajabu kumwona mtu mzima ambaye mguu humvimba kila jioni. Mishipa imetutumka chini ya ngozi kama kamba. Karibu na kifundo ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, kisha hutoka donda lisilopona. Wengine husema amekanyaga kitu alichotegewa. Wengine husema ni matende. Lakini matende huletwa na minyoo midogo iambukizwayo na mbu. Tena si kila donda ni moja. Livingstone, ambaye maiti yake ilifikishwa Bagamoyo mwaka 1874, alilala kibandani siku 80 huko Manyema mwaka 1870 kwa madonda ya miguu. Hayo yalikuwa ya namna nyingine.

Asili ya donda letu ni hii. Damu hushushwa miguuni kwa nguvu ya moyo, lakini kupanda tena ni kazi, kama kuteka maji kisimani. Ndani ya mishipa irudishayo damu mna vilango vidogo viizuiavyo kushuka. Fabricius, mwalimu wa Padua, Italia, alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1603. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, aliandika mwaka 1628 ya kwamba damu huzunguka mwilini. Alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, mishipa ikatokeza, akaisukuma damu kwa kidole. Ilikubali kwenda upande wa moyo tu. Basi vilango vikilegea, damu hutuama, maji huvuja, na mguu huvimba.

Watu walifunga miguu kabla ya kujua sababu. Wagiriki wa zamani walifunga madonda kwa bendeji. Katika karne ya 17 Richard Wiseman, tabibu wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, alitumia soksi ya ngozi iliyokazwa kwa kamba. Mwishoni mwa karne ya 19 Paul Unna wa Hamburg, Ujerumani, alitumia bendeji iliyopakwa dawa ya zinki. Kisha akaja Conrad Jobst, mhandisi wa Marekani, ambaye mwenyewe aliugua miguu. Alitambua kuwa akisimama ndani ya bwawa la kuogelea, maumivu hupungua. Kwa nini? Wavuvi wetu wanajua: kadiri unavyozama, ndivyo maji yanavyobana. Mwanzo wa miaka ya 1950 alitengeneza soksi ibanayo sana kifundoni na kulegea kidogo kidogo kuelekea juu.

Kanuni hiyo inatumika hata leo. Bendeji huanzia karibu na vidole hadi chini ya goti. Mgonjwa hutembea, na misuli ya shavu la mguu huisukuma damu juu. Akiketi, huinua mguu.

Sikilizeni onyo. Mguu usiofikiwa na damu ya kutosha, kama wa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, ukibanwa sana huweza kuoza. Kwa hiyo usijifunge kwa kukisia. Nenda kwanza hospitali ukapimwe. Na donda likipona, usiitupe soksi. Ngozi imepona, vilango havikupona. Ukiiacha, donda litarudi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Vilango vya mishipa hufanya kazi gani?
2. Kwa nini soksi hubana zaidi kifundoni?
3. Jirani yako asemaye amerogwa mguu, utamshauri nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.