Dimitar Berbatov: fundi aliyeitwa mvivu

Wadau, leo tumcheki jamaa aliyekuwa akicheza mpira kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Dimitar Berbatov alizaliwa tarehe 30 Januari 1981 mjini Blagoevgrad, Bulgaria. Mpira ulikuwa wa nyumbani: baba yake, Ivan, aliwahi kukipiga Pirin na CSKA Sofia, na mama yake alicheza mpira wa mikono. Dogo naye akapita njia ileile, Pirin kisha CSKA. Huko ndiko akiwa na miaka 18 alitekwa na wahuni waliotaka ahamie timu ya bosi wao. Mwenyewe amesimulia kwamba ilibidi ampigie simu mzee wake ndipo akaachiwa. Halafu mtu anasema mpira ni mchezo tu!

Januari 2001 akatua Bayer Leverkusen, Ujerumani. Msimu wa 2001/02 timu ile ilikosa vikombe vitatu mwishoni kabisa: ligi ikachukuliwa na Dortmund, kombe la nyumbani Schalke, na Ulaya ikalala 2-1 kwa Real Madrid.

Mwaka 2006 akaenda Tottenham, akatupia mabao 46 katika mechi 102. Fainali ya Kombe la Ligi 2008 alifunga penalti, Chelsea wakafa 2-1. Septemba mwaka huohuo Manchester United wakamwaga pauni milioni 30.75, na Ferguson mwenyewe akaenda kumpokea uwanja wa ndege.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakimbii, hakabi, mvivu! Lakini nani amesahau alivyomgeuza beki wa West Ham pembeni kabisa ya mstari, Oktoba 2008, akampa Ronaldo bao la mezani? Mimi naona alikuwa anakimbia kwa akili, miguu ikafuata baadaye.

Msimu wa 2010/11 akawajibu. Hat-trick dhidi ya Liverpool (3-2), mabao matano peke yake dhidi ya Blackburn (7-1), jumla 20 ligini, akagawana kiatu cha dhahabu na Carlos Tevez. United wakabeba ubingwa. Kisha ikaja fainali ya Ulaya na Barcelona pale Wembley: mfungaji bora wa ligi hata benchi hakuwekwa! Nafasi alipewa Michael Owen, na United wakapigwa 3-1. Kwa kweli ile iliuma.

Baadaye alipita Fulham, Monaco, PAOK na Kerala Blasters ya India.

Timu ya taifa aliiacha 2010 akiwa na mabao 48, rekodi ya Bulgaria. Stoichkov mwenye 37 ndiye mwenye sifa kubwa zaidi kwao, kwa sababu aliwafikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia 1994. Berbatov hakuwahi kulicheza hata mara moja.

Aligombea urais wa chama cha soka cha nchi yake 2021 na 2024. Mara zote mbili kura hazikutosha.