Makaa ya Mawe na Samaki wa Ziwa Nyasa

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia itakayowafaa wanafunzi wa zamani pamoja na vijana waliomo madarasani sasa. Nimechagua habari ya makaa ya mawe yaliyo jirani na Ziwa Nyasa. Wengi wetu tulikuja katika shule hii kutoka Kyela, Ileje, Ludewa na Mbinga, na kitoweo tulichokulia ni samaki wa ziwa hilo. Tena, katika somo la Jiografia tulikariri majina ya Kiwira, Mchuchuma na Ngaka tulipofika sura ya madini. Na tulipofika sura ya uvuvi tukakariri usipa, magege na mbasa. Tulijibu mitihani yetu vizuri. Lakini hakuna aliyetuonyesha kwamba sura hizo mbili zinakutana katika mto mmoja. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kwanza tuanze na umri. Makaa haya ni mabaki ya miti na majani yaliyooza katika vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ziwa halijakuwako. Tabaka juu ya tabaka za mchanga na udongo zikayafunika na kuyakandamiza hata yakawa mawe meusi yanayowaka. Ziwa Nyasa ni mtoto mdogo mbele yake: lilizaliwa miaka milioni michache tu iliyopita, ardhi ilipopasuka na kuzama ikafanya Bonde la Ufa. Vipande vya miamba yenye makaa vilivyozama navyo vilihifadhiwa visimomonyoke. Leo makaa na maji vimewekwa karibu sana. Makaa ya Kiwira yako kati ya mito Songwe na Kiwira, na mito yote miwili humwaga maji yake ziwani upande wa Kyela. Makaa ya Mchuchuma na Ngaka yamo katika bonde la mto Ruhuhu, ambao huingia ziwani karibu na Manda.

Wageni walianza kuyaandika makaa hayo zamani. Mjerumani Bornhardt, mtaalamu wa miamba, alizunguka nchi hii kati ya 1895 na 1897, na kazi yake ikachapwa mwaka 1900. Baada ya Waingereza kushika utawala, Stockley alilipima bonde la Ruhuhu na kuandika habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hata hivyo, kupima si kuchimba. Kutoka Ruhuhu hadi pwani ni mbali, barabara hazikuwako, na reli haikufika. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na machimbo madogo tu ya Ilima, upande wa Kiwira. Kwa muda wa nusu karne makaa yaliishi katika vitabu vya serikali, huku wavuvi wakiendelea kuingiza mitumbwi majini kila jioni.

Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Reli ya TAZARA ilipokwisha kujengwa na kupita Mbeya, ilikuwa rahisi kuwazia mgodi. Kwa msaada wa China, mgodi wa Kiwira ulijengwa na kufunguliwa mwaka 1988, ukiwa na uwezo wa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, pamoja na mtambo mdogo wa umeme wa megawati 6. Makaa yalikusudiwa kwa viwanda, kama kile cha saruji cha Mbeya. Mgodi huo umepata misukosuko yake: ulibinafsishwa mwaka 2005, uzalishaji ukadorora, na mwishowe ukarudishwa mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO.

Ngaka, wilayani Mbinga, ni habari mpya zaidi. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011, tena wa wazi, yaani udongo wa juu hufukuliwa mpaka makaa yaonekane. Mwaka 2016 serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikaelekeza macho Ruvuma. Kisha mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya nishati duniani, na malori yakapanga foleni kuyapeleka makaa bandari ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilometa 600, ili yavuke bahari.

Mchuchuma, wilayani Ludewa, ndiyo ahadi iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Hazina yake imekadiriwa kuwa tani milioni 428, na mwaka 2011 ulitiwa saini mkataba wa kuchimba makaa hayo pamoja na chuma cha Liganga na kujenga mtambo wa umeme wa megawati 600. Ilipofika 2023, miaka kumi na miwili baadaye, kilichokuwa kikifanyika ni kuwalipa wananchi fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15.

Sasa tugeukie maji. Ziwa Nyasa lina eneo la kilometa za mraba 29,600 hivi, na kina chake hufika karibu mita 700. Limebarikiwa aina mia kadhaa za samaki, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Lakini lina udhaifu mmoja ambao kila kijana anapaswa kuujua. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Shire, upande wa Malawi, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kukaushwa na jua. Jua huchukua maji, halichukui uchafu. Kwa hiyo kinachoingia katika ziwa hili hukaa humo muda mrefu mno.

Katika samaki wote, anayetuunganisha na makaa ni mbasa. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye umbo la kukimbia, anayewinda usipa ziwani. Wakati wa kutaga mayai huacha ziwa akapanda mitoni, akatafuta maji yaendayo kasi juu ya changarawe safi. Mayai hukaa katikati ya vijiwe na kupata hewa kutoka katika maji yanayopita. Matope yakishuka na kuifunika changarawe, mayai hukosa hewa yakafa. Mbasa ameshapungua, na wataalamu wa dunia wamemweka miongoni mwa samaki walio hatarini. Tusiisingizie migodi peke yake: nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito wakati samaki wanapanda, na mashamba yanayolimwa hadi kingo za mito, vimeleta madhara makubwa. Lakini aliye mgonjwa haongezewi mzigo.

Mgodi wa makaa waweza kuudhuru mto kwa njia mbili. Ya kwanza ni hayo matope: udongo uliofukuliwa, vumbi la makaa na barabara za malori, vyote husombwa na mvua. Ya pili haionekani upesi. Katika makaa mengi mna madini ya chuma na salfa. Yakikaa chini ya ardhi hayana neno. Yakifunuliwa yakapata hewa na maji, hufanya asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini mengine na kuyachukua mtoni. Maji hugeuka rangi ya kutu. Si kila makaa yana salfa nyingi, na hapo ndipo haja ya kupima inapokuja, kwa maana jicho halitoshi.

Mifano haiko mbali. Mwezi Januari 2012, mji wa Carolina nchini Afrika ya Kusini ulikuta maji ya bwawa lake yamekuwa ya asidi kwa sababu ya machimbo ya makaa, na wananchi wakakaa miezi bila maji salama ya bomba. Karibu zaidi, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe tu, mgodi wa Mwabulambo ulifungwa mwaka 2015 ukaacha mashimo yaliyojaa maji na malundo ya makaa karibu na makazi ya watu. Ziwa letu ni hilo hilo moja. Samaki hawaulizwi pasi mpakani.

Sisemi makaa yasichimbwe. Mimi ni mtumishi wa serikali na ninajua thamani ya kiwanda kisichozimika na ya kijana aliyepata ajira karibu na kwao. Hali kadhalika, tangu serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, mkaa mbadala unaotengenezwa na STAMICO kwa makaa ya mawe umeanza kuingia katika majiko ya taasisi, na miti inapona. Nchi inahitaji vyote viwili. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, na inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Kinachoweza kuifanya sheria iwe butu ni kukosa kumbukumbu. Miaka yangu kazini imenifundisha kwamba katika shauri lolote, mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa. Mvuvi akisema maji yamebadilika, ataulizwa: yalikuwaje kabla? Asipokuwa na jibu, malalamiko yake yanabaki maneno. Makaa yamekuwa na waandishi wake tangu siku za Bornhardt. Mto haukupata mwandishi.

Kazi hiyo, wadogo zangu, haihitaji fedha nyingi. Sahani nyeupe iliyofungwa kamba yenye alama huonyesha maji yana uangavu kiasi gani: ishushe mpaka isionekane, kisha soma kamba. Karatasi za litimasi za maabara huonyesha asidi. Mwulize mvuvi mzee ni mwezi gani mbasa wamepanda, andika tarehe. Fanyeni hivyo kila mwaka mnaporudi likizo, mahali pale pale, katika daftari moja litakalokabidhiwa kidato kinachofuata. Nasi wanafunzi wa zamani hatutashindwa kununua madaftari na karatasi hizo. Bonde la Ruhuhu bado halijachimbwa kama inavyokusudiwa. Wakati wa kuandika maji yake yalivyo ni huu, kabla tingatinga halijapita.