Sarafu za Mtambwe na Mashine Isiyosikia Mchele

Kabla hujaendelea kusoma, tazama ukucha wa kidole chako cha mwisho. Sarafu nyingi za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984, ni ndogo kiasi hicho. Zilikuwa zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, waliokuwa wakitawala Misri zama hizo. Timu iliyozifukua iliongozwa na mwanaakiolojia wa Kiingereza, Mark Horton. Mpaka leo, anayetaka kuandika habari za pesa za kale za mwambao wetu hawezi kuipita Mtambwe.

Nilizirudia habari hizi kwa sababu ya binamu yangu. Yeye ni mzaliwa wa Wete, anafanya kazi Muscat, na alipokuja likizo alikuwa na mzigo mrefu uliotuchanganya sote pale nyumbani. Kumbe ni mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ile ambayo wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Chunya huiita detekta. Alikuwa hajawahi kuitumia. Mimi, mwandishi wa habari niliyekuwa likizo pia, nikajipa kazi ya kubeba koleo.

Kanuni yake si ngumu. Ile sahani ya chini ina waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini, na ikikutana na chuma, shaba au fedha, kitu kile nacho kinajibu kwa nguvu yake ndogo. Mashine inasikia jibu, inalia. Shida ni kwamba mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi nao unapitisha umeme, kwa hiyo asubuhi ya kwanza ufukweni mashine ililia mfululizo kama mtoto mwenye njaa. Ilibidi apunguze makali yake na ahamie juu, kwenye mchanga mkavu.

Watoto walitufuata kundi zima. "Ami, imelia! Ami, chimba hapo!" Tukachimba. Tulipata vizibo vya soda, misumari ya mitumbwi, ndoana zilizoliwa na kutu, na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Saa tatu za jua, na mfuko mzima usingenunua hata kikombe cha kahawa. Lakini nilivyovitandaza vitu vile juu ya jamvi jioni, niliona historia ya ufukwe ule iko pale: watu wanaunda vyombo, wanavua, wanakunywa soda sikukuu.

Safari ya pili tulikwenda shambani kwetu, kwenye mikarafuu. Huko ndiko tulikopata kitu. Kiasi cha shubiri moja chini ya udongo mwekundu kulikuwa na kiduara cha shaba kilichogeuka kijani. Tulipokisafisha kwa ndimu, tukaona mizani upande mmoja, na mwaka wa Hijria 1299. Ilikuwa pesa ya Sayyid Barghash, iliyotolewa mwaka 1882 hivi. (Wakusanyaji sarafu watanigombeza kwa ile ndimu, maana asidi hula uso wa sarafu. Lakini binamu yangu si mkusanyaji, na ndimu ilikuwa karibu.)

Bibi aliiweka kiganjani akaigeuzageuza. "Hii ndiyo pesa yenyewe," akasema. Na kweli ndiyo yenyewe. Neno tunalolitumia leo kwa kila aina ya fedha, hata ile ya kwenye simu isiyoshikika, limetoka kwenye paisa ya Bara Hindi, na hapa kwetu lilikuwa jina la kipande kama kile. Sarafu imekufa, jina lake limerithi biashara yote.

Habari zilienea haraka. Siku mbili baadaye binamu yangu alipigiwa simu na mtu wa bara asiyemjua: kuna mahali anapafahamu, pana mali ya Mjerumani, inahitajika mashine tu. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Hadithi ya mali iliyofukiwa na Wajerumani wakikimbia Vita vya Kwanza imewafilisi wengi, na nyuma yake mara nyingi yuko tapeli. Mbegu ya ukweli ipo. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza wasiweze kupata fedha kutoka kwao, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini kati ya sarafu zilizotengenezwa kwa dharura na masanduku yanayolindwa na majini chini ya kila mbuyu, pana safari ndefu. Binamu yangu alicheka, akazima simu.

Hata hivyo simu ile ilimtia kiu. "Sheikhe," akaniambia usiku, "mimi nataka Mtambwe."

Nikamwambia hapana. Zanzibar ina sheria ya kulinda mahali pa kale tangu mwaka 1927, na kuchimba bila kibali ni kosa. Akanijibu kwa swali ambalo bado linanikera: "Mwingereza kachimba, akasifiwa. Mimi babu zangu wamezikwa hapa, nikichimba ni mwizi?"

Ni swali la haki. Kumwambia mtu "sheria inakataza" hakulijibu, maana sheria ile yenyewe ililetwa na wakoloni. Jibu nililompa ni hili.

Sarafu za Mtambwe zina majina ya watawala. Mmoja wao ni Ali bin al-Hasan. Aliyesoma Tarehe ya Kilwa analijua jina hilo: ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Washirazi wa Kilwa. Kabla ya hapo, Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alimweka Ali huyo karibu na mwaka 1200. Sasa sarafu zenye jina lake zikakutwa Pemba, shimo moja na dinari za Wafatimi za karne ya 11. Dinari zile zina miaka iliyoandikwa. Kwa ujirani huo tu, Horton alipata hoja ya kumrudisha Ali nyuma zaidi ya karne moja. Fikiria lau mtu angezitoa moja moja usiku, dhahabu akaipeleka kwa sonara na vile vipande vya fedha akavitupa kwa udogo wake. Dhahabu ingebaki dhahabu, na Ali angebaki mahali alipowekwa. Kilichosema ni kukutwa pamoja, na kukutwa pamoja hakuwezi kurudishwa baada ya koleo kupita.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa ushairi watalifurahia. Sarafu zile zina vina. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na mwisho wa upande huu unalingana kwa sauti na mwisho wa upande ule. Ni Kiarabu, si Kiswahili, lakini ni mtindo wa huku kwetu: Shanga, kule Pate, zimepatikana sarafu za aina hiyo, na sarafu za Kilwa ziliendelea nao karne kadhaa baadaye. Nakala ya Utendi wa Tambuka, ambayo wengi huitaja miongoni mwa nakala kongwe za tungo za Kiswahili, ni ya mwaka 1728. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, mtu wa mwambao huu alikuwa akilipia bidhaa kwa kitu chenye vina, cha ukubwa wa ukucha.

Na kisha kuna mchele. Kaskazini mashariki ya Pemba, kwenye magofu ya Tumbe na Chwaka, Adria LaViolette, Jeffrey Fleisher na wenzao walichimba, na Sarah Walshaw akachambua punje zilizoungua zilizobaki kwenye udongo. Wakaona kwamba Wapemba wa kale walikula zaidi uwele, na kuanzia karne ya 11 hivi wakahamia kwenye mpunga. Karne ileile ya sarafu za Mtambwe! Miji ilikuwa inakua, Uislamu unaenea, na sufuria nazo zinabadilika. Mashine ya binamu yangu ingepita juu ya punje zile kimya kabisa. Haisikii mchele, wala vigae, wala shanga, wala mifupa ya samaki. Inasikia chuma tu, na mwenye kuishika anaanza naye kuamini kwamba chini hakuna kingine.

Tulikwenda Mtambwe Mkuu, maana nilimwahidi, lakini mashine ilibaki chini ya kitanda. Maji yalikuwa yametoka, tukavuka kwa miguu, suruali zimekunjwa. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na kapu la chaza alituuliza tumepotezani. "Tunatazama tu, mzee." Akasema hapa palikuwa mji, akaonyesha kwa kidevu, akaenda zake. Mwanajiografia Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kuhusu miji miwili ya Kisiwa cha Kijani, na mmoja ulikuwa huu. Sasa ni vichaka, mawe ya makaburi, na vigae kila unapokanyaga.

Binamu yangu aliokota kigae kimoja, akakitazama, akakirudisha palepale. Halafu akaniuliza kama wale watoto wa ufukweni wanazijua sarafu hizi. Niliwauliza tuliporudi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzisikia, na wanaiona Mtambwe ng'ambo kila siku. Kwa hilo sina jibu la kumpa, na sidhani kama ni langu peke yangu kulitoa.