Kizuri Chajiuza? Sura ya Urambo Machoni pa Mnunuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi niliyezaliwa Urambo, mwendo wa kilomita kama 90 magharibi ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara, nina mashaka na usemi huo. Katika njia ile bidhaa haikujiuza yenyewe. Ilitangulizwa na jina na sura yake, na mara nyingine sura ndiyo iliyobaki baada ya kitu chenyewe kusahaulika.

Kilichonisukuma kuandika makala haya ni jambo dogo tu. Mwenzangu mmoja wa idara ya kompyuta anatengeneza mchezo wa video, peke yake, kwa fedha ya bumu. Mchezaji ni mpagazi wa Kinyamwezi. Anabeba mzigo kutoka Bagamoyo hadi Urambo, anapima posho, anabishania hongo kwa watemi, anauza shanga na nguo. Mchezo utauzwa kwenye duka la mtandao la Steam, na akaniita nimtungie maneno ya kuutangaza. Picha ya mbele alikuwa amekwisha kuichora: Mtemi Mirambo, kifua kama ngoma, miguuni mafuvu, nyuma moto. Akaniuliza, "Vipi, inauza?" Nikamjibu kwamba inauza, ila sijui inauza nini.

Sisi wa fasihi tumezoea kuchambua fani na maudhui kuanzia ukurasa wa kwanza. Jalada tunaliruka. Lakini mtu asiyeijua Urambo hukutana na jalada kwanza, na akipita hapo bila kusimama, fani yetu na maudhui yetu hayatamfikia. Basi, picha ya mlangoni inafanyaje kazi yake, na ina wajibu gani kwa kilichomo ndani?

Tuanze na shanga, maana zilikuwa fedha ya njia ile. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika katika The Lake Regions of Central Africa (1860) kwamba shanga nyekundu za samesame zilikuwa na majina ya utani. Jina moja lilihusu kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kuutoa mlo wake azipate. Jingine lilihusu kuvunja mji, kwa kuwa wanawake waliweza kuwafilisi waume zao kwa ajili yake. Hayo, ndugu msomaji, ni matangazo ya biashara: rangi inayoonekana kwa mbali, na jina fupi linalosimulia kisa.

Lakini nyekundu haikupendwa kila mahali. Henry Morton Stanley alipokuwa akinunua vifaa Unguja mwaka 1871 aliambiwa kwamba Unyamwezi watataka samesame na kuzikataa nyingine. Shanga nyeusi zilipita Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Aliyekosea rangi angeweza kulala njaa huku amebeba mali. Funzo ni wazi: hakuna rangi inayouza kwa watu wote. Ipo rangi inayouza kwa jicho fulani, na mchoraji asiyejua jicho hilo ni la nani anabahatisha.

Sasa tumwendee Mirambo. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka huo wa 1871 alikuta vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Akajiunga na Waarabu, wakashindwa vibaya. Katika How I Found Livingstone (1872) Mirambo ni jambazi wa njiani tu. Aprili 1876 watu hao wawili wakakutana Serombo, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Katika Through the Dark Continent (1878) tunamkuta mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, muungwana hasa. Stanley mwenyewe anakiri kushangaa. Mtemi ni yule yule. Mwandishi ni yule yule. Ila mara ya kwanza alimchora akiwa mbali, kwa hasira ya kushindwa. Mara ya pili alikaa naye.

Nilipomweleza mwenzangu hayo, hakunyamaza. "Lakini jina la kutisha alijipa mwenyewe, bwana!" Na kweli, hapo alinibana. Aliyezaliwa karibu na mwaka 1840 alijulikana kwanza kama Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, nalo hufasiriwa kuwa ni maiti zilizolundikana. Kwa hiyo mafuvu yale hayakutoka Ulaya. Mtemi alijichorea jalada lake, na lilifanya kazi: wapo waliokimbia kabla ya kuuona mkuki.

Hata hivyo jalada lile lilikuwa la adui. Kwa wengine alifungua mlango mwingine. Alipeleka ujumbe Unguja kwa John Kirk, konseli wa Waingereza. Aliwapokea wamisionari wa London Missionary Society, na mwaka 1879 daktari wao Ebenezer Southon akaweka makao Urambo. Mpaka alipofariki Desemba 1884, Mirambo alijua kwamba adui na mgeni hawaonyeshwi sura moja. Kumbe kanuni ya shanga aliijua vizuri. Kosa letu ni kuchukua sura aliyowaandalia maadui na kuwauzia nayo wageni wote, miaka 140 baadaye.

Kuna mfano mwingine unaouma zaidi. Huko Unyanyembe Stanley alipewa zawadi na mfanyabiashara Mwarabu: mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali. Jina halikumpendeza, akapewa jingine, Kalulu. Mwaka 1872 mtoto huyo akasimamishwa studio London, pamoja na Stanley, mbele ya mandhari ya bandia, na picha zikauzwa kwa watu kama kadi. Mwaka uliofuata akawa jina la kitabu cha hadithi, My Kalulu. Mwaka 1877 akafa maji katika mto Kongo, safarini na bwana wake yule yule. Kadi zipo mpaka leo. Lakini Ndugu Mhali mwenyewe, aliyetoka kwa mama yake fulani, yuko wapi katika kadi ile? Picha iliuza sana, na ilimfuta mwenye sura.

Wengine watasema huyu anachanganya mambo, mchezo wa kompyuta na utumwa wapi na wapi. Sisemi ni sawa. Nasema kazi ya picha ni ile ile. Kwenye Steam picha ndogo ya orodha kwa miaka mingi ilikuwa pikseli 231 kwa 87, ukubwa wa stempu, katikati ya mamia ya nyingine. Tangu Septemba 2022 duka hilo limekataza kubandika sifa, tuzo na alama za wahakiki juu ya picha hizo. Hubaki mchoro na jina la mchezo. Ni kama shanga: rangi na jina tu. Tena mnunuzi anaweza kurudisha mchezo ndani ya siku 14 kama hajaucheza zaidi ya saa 2. Aliyeahidiwa vita vya mafuvu akajikuta anapima posho na kubishania hongo, ataurudisha, na atakuwa na haki. Uongo wa jalada humrudia mwandishi mwenyewe.

Tulikaa siku tatu. Mirambo hakuondolewa, ngome yake iko kwa mbali, ndogo, msafara unaielekea. Mbele yuko mpagazi, ametupa mgongo, mzigo begani, gunia limetoboka, na shanga nyekundu zinadondoka moja moja njiani. Tuliipunguza picha mpaka ikawa stempu, tukaiweka kati ya nyingine 20, tukamwita jirani wa chumba cha pili. Kidole chake kilikwenda kwenye ule wekundu. Akauliza, "Huyu anakwenda wapi?"

Sijui kama mchezo utauzika. Ila swali lile ndilo tulilotaka mgeni aulize mlangoni, na jibu lake limo ndani.