Askari Akigeuka Kuwa Hakimu

Julai 2025 Rais alisema atakayepatikana akichoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, apitie hospitali akienda kortini. Wengi walipiga makofi, na kusema kweli nawaelewa. Kama duka la mamako limevunjwa na watu wamebeba mpaka mizani, hutaki mtu aje kukusomea katiba. Lakini jamani, ruhusa kama hii ishawahi kutolewa hapa Kenya, na tunajua iliishia wapi.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata, misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ikafanywa maeneo yaliyokatazwa. Ukionekana humo ndani unapigwa risasi, hakuna maswali. Kando ya misitu, kwenye mashamba na vijiji, kukawa na maeneo maalum. Huko askari akikuambia simama na usisimame, anaruhusiwa kufyatua.

Kwenye karatasi hiyo ya pili inasikika kama ina mpaka. Kuna onyo kwanza, si ndio? Sasa fikiria mzee asiyesikia vizuri, ama mtoto aliyeona bunduki akatimua mbio. Akishaanguka, anayebaki kueleza kama alionywa ni yule yule aliyempiga.

Juni 1953, huko Chuka, wanajeshi wa KAR waliokuwa wakiwasaka Mau Mau waliua watu wapatao 20. Baadhi yao walikuwa Home Guard, yaani watu wa upande wa serikali yenyewe! Hakuna mwanajeshi aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Mwezi huo huo, kapteni mmoja wa KAR, Gerald Griffiths, alimuua mtu karibu na hapo. Aliposhtakiwa mnamo Novemba, mahakama ya kijeshi ilisikia kwamba alikuwa akiwalipa wanajeshi wake shilingi 5 kwa kila Mau Mau waliyemuua. Kesi ya mauaji akaishinda. Mwaka wa 1954 ndipo alifungwa miaka 5, kwa makosa ya ukatili.

Na kuhusu uporaji, sikiza hii. Sheria za wakati huo ziliruhusu serikali kuchukua mifugo ya kijiji kizima kwa kosa la mtu ambaye hajajulikana hata ni nani. Mimi na wewe tukichukua ng'ombe wa jirani hivyo, tunaitwa wezi. Wao waliiita adhabu ya pamoja.

Utasema hayo ni ya mkoloni, yamepita. Basi fungua Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita. Kati ya sababu za polisi kutumia bunduki, kulinda mali bado imo, imeandikwa pamoja na kulinda maisha. Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda uhai wa kila mtu, hata aliyebeba godoro la wizi. Na hii ya mguu isikudanganye. Pajani kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatwa mtu anaweza kufa kabla hajafika hiyo hospitali.

Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,200 walioteswa wakati wa hali ya hatari, pauni milioni 19.9 kwa jumla. Walingoja miaka 60, na wenzao wengi walishazikwa.

Mimi sitetei mwizi. Akamatwe, ashtakiwe, na mwenye duka asaidiwe kusimama tena, maana huyo huwa anasahaulika siku ya pili tu. Lakini fujo ikitokea mtaani, kuna mwizi, kuna mwandamanaji, na kuna mtu anatoka kazini. Askari ana sekunde moja ya kuwatofautisha, na kule Chuka hata watu wa upande wao hawakuwatambua. Wabunge waliondoe hilo neno mali kwenye jedwali. Wewe unaonaje?