Waliowalea Vijana wa Kariakoo

Watawala wa Kiingereza walipowatazama vijana waliokuwa wakimiminika Dar es Salaam baada ya Vita Kuu ya Pili, waliona wahuni tu: watu wasio na kazi wala mtu wa kuwakanya. Mji ulikuwa ukijaa kwa kasi. Sensa ya 1948 ilihesabu wakazi wapatao 69,000; ile ya 1957 ikakuta karibu 129,000. Tayari sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imeipa serikali uwezo wa kuwafukuza mjini wale isiowataka, nao wakakamatwa na kurudishwa makwao, na wengi wakaja tena. Kosa la watawala lilikuwa kumpima kijana kwa ajira yake peke yake. Kijana yule maskini alikuwa na wenyewe, na hao ndio waliomkuza katika mji ambao haukumtengea nafasi.

Mwaka 1956 afisa wa serikali, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi mkubwa wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na ndugu wanaonekana humo kila mahali. Mgeni alifikia kwa mjomba au kaka aliyepanga chumba Kariakoo au Ilala, katika nyumba za vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua wa kupikia nyuma. Usiku alitandikiwa mkeka. Mchana alikula na wenzake sinia moja. Asiye na ndugu alimtafuta mtu wa kwao, na watani nao walikuwepo: Wanyamwezi na Wazaramo, ambao utani wao ulikua katika misafara ya zamani ya kwenda pwani, walisaidiana hata kuzikana. Mwenyeji ndiye pia aliyemwonyesha kijana njia ya bandarini, ambako vibarua walichukuliwa kwa siku na kujuana na mtu kulikuwa na faida kubwa.

Marafiki walimpa kile ambacho ndugu hawakuweza kumpa, yaani heshima miongoni mwa marika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana walijiunga na ngoma ya beni, upande wa Marini au wa Arinoti, wakapeana vyeo, wakachangiana katika ugonjwa na msiba. Baadaye mpira ulishika nafasi hiyo: Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo leo ni Simba. Mtu aliyeamriwa kutwa nzima kazini alijifunza humo kutunza fedha za wenzake, kutii kiongozi aliyemchagua mwenyewe na kusema mbele ya watu. TANU ilipoundwa mwaka 1954, ilikuta mji uliokwisha kuzoea kujipanga.

Atatokea wa kusema kwamba undugu huohuo ulinyonya: mtoto aliletwa mjini asome akageuzwa mtumishi, mshahara wa mmoja ukaliwa na wengi, na rafiki akamfundisha mwenzake wizi. Ni kweli, yalitokea. Lakini mwenyeji aliyemchoka mgeni alichoshwa kwanza na mshahara usiotosha hata nyumba yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba waajiri walifaidika na undugu, kwa kuwa walimlipa mfanyakazi kama mseja na kuuachia ukoo mzigo wa mke, watoto na uzee. Hilo halipunguzi thamani ya ndugu. Linaonyesha nani alikuwa akilipa gharama ya uchumi wa kikoloni. Makuli wa Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, mgomo ukaenea hadi bara kwa njia ya reli, walidai sehemu ya gharama hiyo ibebwe na mwajiri.

Uhuru haukuifuta dhana ya mhuni. Operesheni ya mwaka 1976 na sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ziliwasaka tena wasio na ajira na kuwapeleka mashambani. Safari hizi pia, waliomficha kijana, waliomlisha na waliompokea aliporudi walikuwa ndugu na rafiki zake. Serikali inayotaka kweli kumsaidia kijana maskini na ianzie hapo: imlipe mjomba ujira wa kutosha watu anaowalea, iwaachie vijana viwanja na vyama vyao, na iache kumtendea kama mkosaji mtu ambaye jamaa zake bado wanahangaika kumlea.