Ombi la Kupimwa: Kutoka kwa Susana hadi Arusha

Sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli yatusimulia kesi iliyokwisha kuamuliwa. Wazee wawili wameshuhudia, kusanyiko limewaamini, na Susana anapelekwa kuuawa. Ndipo kijana Danieli anapopaza sauti na kuwataka watu warudi barazani. Anawatenga wale wazee na kumwuliza kila mmoja: ni chini ya mti gani? Majibu yanapingana, uongo wafichuka. Danieli hakuomba Susana asamehewe. Aliomba shauri lichunguzwe upya.

Katika nyakati zetu swali hilo limepata chombo kipya, nacho ni kipimo cha vinasaba, ambacho wengi wetu twakiita ADN. Huko Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumwua mtoto wa kike wa miaka 9. Mwaka 1993 kipimo kilionyesha kwamba si yeye, akafunguliwa. Miaka 10 baadaye, kipimo hicho kilimfichua mwuaji halisi. Lakini mlango haufunguki kwa kila abishaye. William Osborne, mfungwa wa Alaska, aliomba ushahidi wa kesi yake upimwe upya, akakataliwa. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya juu kabisa ya Marekani, nayo mwaka 2009, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema Katiba haimpi mfungwa haki hiyo.

Karibu nasi zaidi yuko Nguza Viking, mwanamuziki Mkongo aliyejulikana Dar es Salaam kwa jina la Babu Seya. Mwaka 2004 yeye na wanawe walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwanajisi watoto wa shule. Kipimo alichokihitaji hakikuwa cha vinasaba. Alijitetea kwamba mwili wake haukuliweza tendo hilo, na daktari angeweza kulithibitisha au kulikanusha. Hakupimwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, ikathibitisha hukumu yake na ya mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha. Mwaka 2015 baba na mwana waliifikia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha. Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ikatamka kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa, pamoja na mengine kwa kuwa Serikali haikumwezesha Nguza kupimwa. Haikutamka kwamba hawana hatia.

Tuone basi kilichopotea. Msamaha ulifungua gereza, lakini haukujibu swali. Ikiwa wale watoto walisema kweli, kipimo kingewatetea. Ikiwa mshtakiwa alisema kweli, kingemtetea yeye. Anayekataa kupima huwanyima wote wawili. Tena mwaka 2019 Tanzania ilitangaza kuondoa ruhusa ya watu binafsi kuipeleka mbele ya Mahakama hiyo.

Hapa Kamina twajua jinsi neno «mwizi» au «mlozi» linavyokimbia kuliko ushahidi. Kristu ametuagiza kuwatembelea wafungwa. Tukienda, tusipeleke mkate na sabuni tu. Tuulize pia: huyu aliomba nini kichunguzwe, na nani alikataa? Kijana mmoja aliyeuliza swali moja alitosha kulirudisha kusanyiko zima barazani.